Nimemfutia Mama Sauti za Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali unijibu kabla ya sikukuu ya mwisho wa mwaka, maana zimebaki siku kumi na mbili na mimi chakula hakipiti, kazini naungua vidole, na mke wangu ameanza kuniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa.

Mimi ni fundi simu, mwanamume wa miaka arobaini na moja, nina kibanda changu chenye meza moja, taa ya kuinamia na droo ya vioo. Kwetu tulizaliwa wanne, dada mkubwa mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kaka anayefanya kazi ughaibuni, mimi, na kitinda mimba wetu aliyekuwa dereva wa malori ya safari ndefu, ambaye tulimzika mwaka jana baada ya lori lake kuacha njia na kupinduka. Mama bado tunaye, anaishi kwenye nyumba aliyojengewa na dada, na nikisema mama ana kila kitu sitii chumvi, ana friji mbili, ana mashine ya kufulia ambayo haijawahi kuona maji, ana mablanketi ambayo hajayatoa kwenye mifuko yake na saa tatu za mkononi ambazo hazivai, kwa sababu kila mwisho wa mwaka dada na kaka hushindana nani ataleta kikubwa zaidi, na mimi mwenye mfuko mwepesi nashindana kwa mbali. Mwaka juzi nilimpelekea birika la umeme, nikakuta anayo mengine matatu, dada akasema mbele ya wakwe, "Fundi, hili la nne tuchemshie nini, mawe?" Wote wakacheka na mimi nikacheka, lakini liliniingia. Ambaye hakucheka ni marehemu peke yake, alilichukua lile birika akaenda kumchemshia mama chai.

Basi mwaka huu nikasema zawadi yangu haitakuwa ya bei, itakuwa ya akili. Mama ana simu ya zamani, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona, na inaganda, dada ameshamletea mpya mbili, mama akazitia kabatini, hataki nyingine ila hiyo hiyo, kwa sababu ndani yake ndimo zilimokuwa sauti za marehemu. Mama hasomi sana, kwa hiyo mdogo wangu akiwa njiani alikuwa anamtumia ujumbe wa sauti kila anapoegesha, mama leo mvua, mama umekula, mama leo nimeona mtu anafanana na baba mpaka nimempigia honi, na tangu msiba mama kila asubuhi kabla hajashika ufagio anakaa kitandani anazisikiliza, nyingine mpaka anacheka mwenyewe. Nikaona hapo ndipo pa zawadi, nitaitia kioo kipya, betri mpya, niifanye iwe nyepesi, nimkabidhi mbele ya watu wote. Nilipokwenda kuichukua, mama aliishika kwanza kwa mikono miwili, akaniambia, "Kioo tu, baba. Vya ndani usiviguse." Nikamjibu, "Mama, kwani mimi si fundi?"

Mshauri, mteja yeyote akija kibandani kwangu, hata awe mlevi, kabla sijagusa kitu namuuliza kama kuna cha kubaki ndani ya simu yake, na ukutani nimebandika karatasi kabisa ya kuwakumbusha. Siku hiyo nilikuwa na simu sita mezani, wateja wamenisimamia, ya mama ikaganda mara ya tatu, na mkono wangu ukafanya kile unachofanya kila siku, nikaifuta yote, nikairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Lile swali sikujiuliza kwa sababu simu ilikuwa ya mama. Nilikumbuka wakati imeshafika nusu, na ikifika hapo haizuiliki. Nikajipa moyo kwamba zitakuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti yake, kumbe akaunti hiyo aliifungua marehemu mwenyewe, kwa namba yake, na neno la siri ameondoka nalo. Nimejaribu kila njia ninayoijua, na kwa simu ya aina ile jibu ni lile lile ninalowapa wateja wangu, pole, hazirudi.

Nilimwambia dada mkubwa peke yake. Akasema, "Mama asijue. Presha itamwondoa. Wewe na marehemu sauti si moja? Mama mwenyewe mkipiga simu alikuwa anauliza, wewe ni yupi. Rekodi."

Nikamwambia, "Dada, hilo ni kosa."

"Kosa ulishalifanya. Hii ni dawa."

Jumamosi mchana nikajifungia chumbani nikarekodi tatu, na kwa nyuma nikaweka mlio wa lori nilioupata mtandaoni, mama nimeegesha salama, usinisubiri, kula ulale. Mke wangu alikuwa jikoni, akaja mpaka mlangoni, akashika kizingiti, uso umembadilika, akasema, "Hicho usikirudie tena ndani ya nyumba hii." Nilipojisikiliza, mshauri, sikuwa mimi, alikuwa yeye. Dada nimemtumia, anasema mama hatajua hata kidogo.

Mama nimemwazima simu nyingine na kila siku ananipigia, namwambia kioo hakijafika. Juzi akasema, "Kama kioo hakuna, nirudishie hivyo hivyo na ufa wake. Nimeanza kusahau anavyocheka." Nikakata simu nikasingizia mtandao.

Sasa nifanyeje? Nimpe sauti yangu apate nafuu, au nimwambie ukweli nimmalize? Na siku ya sikukuu nitaingia na nini mkononi, wenzangu wakiwa wameleta televisheni ya ukuta mzima?

Wako,
Fundi wa Kibandani

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole kwa kufiwa na mdogo wako, na pole ya pili kwa msiba huu uliojitengenezea. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili ulinichefua, kwa hiyo nitakujibu kwa yote mawili.

Kufuta kwako naweza kukuelewa. Mtu anayefanya kitu kile kile mara ishirini kwa siku, ipo siku atakifanya mahali asipotakiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kutia majibu ya wanawake wawili kwenye bahasha zisizo zao, na mmoja alikuwa akilalamika juu ya mwenzake. Kwa hiyo hapo sikupigi mawe. Lakini hilo la kurekodi halikufanywa na mkono uliozoea. Ulifunga mlango, ukakaa, ukafikiri, ukaenda kutafuta na mlio wa lori. Huo mlio wa lori ndio ulionichefua.

Dada yako anasema mama hatajua. Haya, tuseme hajui. Kila asubuhi atakaa kitandani anamlilia mtoto wake kwa sauti yako, na wewe uko sebuleni kwake unakunywa chai. Akikuita, "Njoo usikilize mwenzio anavyonichekesha," utakwenda? Utakaa pembeni yake ucheke naye? Nakwambia utaanza kuogopa hata kumwamkia. Na tuseme amejua. Alikuwa anawachanganya zamani, wakati wote wawili mko hai na hana sababu ya kutega sikio. Sasa amemsikiliza yule mmoja kila siku kwa zaidi ya mwaka. Akigundua, atakuwa amepoteza wana wawili badala ya mmoja.

Kuhusu presha, sina haja ya kubishana na dada yako, ila namuuliza hivi: ni presha ya mama anayoiogopa, au kuharibika kwa siku yake mbele ya wakwe? Mwanamke huyo amemzika mwanawe, akarudi nyumbani, akashika ufagio. Msimfanye wa vioo leo kwa sababu inawafaa nyinyi.

Halafu hili la zawadi. Kila mwaka majira kama haya barua zinajaa mezani kwangu, nimpe nini mzee mwenye kila kitu, nimpe nini shemeji asiyekosa kitu, na mnataka niwatajie kitu cha ajabu ambacho hakuna mwingine atakayekileta. Hakuna anayeuliza yule mtu anapenda nini miongoni mwa vile alivyo navyo. Wewe mama yako alikujibu kabla hujauliza, tena simu akiwa ameishika kwa mikono miwili. Kioo tu. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi, fundi, kioo, kazi ya nusu saa unayoifanya huku unapiga soga. Ukaona ni ndogo. Ukataka kumpiku mwenye friji.

Sasa sikiliza. Ile simu izime, usijaribu kitu kingine juu yake, kama kuna fundi anayekuzidi mpelekee, lakini mama usimwahidi chochote kuhusu hilo. Kisha nenda kwake. Usingoje sikukuu, nenda leo, peke yako, bila dada na bila kubeba kitu. Kaa chini umwambie, "Mama, sauti za mdogo wangu nimezifuta mimi, kwa mkono wangu, na sijui njia ya kuzirudisha." Hapo nyamaza. Usiseme bahati mbaya. Usiseme simu ilikuwa inaganda. Usimweleze habari za akaunti. Akilia, usimwambie asilie. Akikwambia toka, toka, ukae nje kwenye ngazi mpaka aamue mwenyewe. Na akisema sikukuu hii hataki kukuona, basi hiyo sikukuu huendi, na hiyo televisheni ya ukutani wataitazama bila wewe.

Sikuahidi kwamba atakusamehe. Labda itamchukua miaka, labda hatawahi kumaliza, na wewe utaendelea kumwamkia hivyo hivyo. Ndivyo ilivyo, na si haki yako kumharakisha.

Baadaye watafute waliofanya kazi na marehemu, madereva wenzake, makarani wa mizigo, mafundi wa matairi, yeyote aliyekuwa akiwasiliana naye. Mtu mwenye tabia ya kutuma sauti hakumtumia mama yake peke yake. Huenda ukapata sekunde tisa tu za yeye kuuliza kama tairi lake liko tayari. Mpelekee mama hizo sekunde tisa, na umwambie ni za nani na zimetoka wapi. Na ikitokea siku, bila wewe kuomba, mama akaanza kukusimulia zile sauti zilivyokuwa zikisema, tulia usikilize mpaka mwisho, na simu yako ibaki mfukoni.

Ila kabla hujafunga kibanda kwenda kwake, zile tatu ulizorekodi zifute. Ulizomtumia dada yako azifute umesimama mbele yake. Usizisikilize tena hata mara moja, zitakushawishi. Kufuta unajua.