Maji ya Dafu, Kijiko kwa Kijiko

Mke wangu Bi Mwanaisha, salamu nyingi. Jua la Malindi laniunguza hata kivulini, na mkono umechoka, ndiyo maana herufi zimepinda. Jana nilimkuta mjukuu wetu Athumani anaharisha, utosi umebonyea, macho yamezama, hata kulia hawezi. Bibi yake mzaa baba amekataza asinyweshwe. Aniambia, "Mkwe wee, maji ndiyo yamwendeshayo, utamuua!" Nikamjibu, "Mimi nimelea wana, wewe umelea ulimi." Usicheke, najua nani aliyewalea.

Leo tangu asubuhi nimempakata, namtilia maji ya dafu na chembe ya chumvi, kijiko kwa kijiko. Akitapika nangoja, kisha naanza tena. Jirani alikwisha kuuliza habari za sanda. Sikuinuka hata kula. Alasiri, kanzu yangu ya Idi ikaloa, ya moto. Kakojoa! Binti yetu akapiga kigelegele. Yule bibi akanipokonya kijiko, asema, "Lete, mkwe, nenda kalale."

Kanzu sijaivua, sina nguvu. Mungu akuweke, mke wangu, nije nipumzike kwako.

Mumeo