Shamte, Mkeo Anaingia Eda

Shamte, dereva msumbufu,

Salamu sina. Ungekuwa mtu wa salamu ungepiga hodi mlangoni pangu, si honi. Mimi nina wajukuu, nimezika mume, halafu wewe kila asubuhi unanipigia honi kama mbuzi aliyelala barabarani. Nilikuuliza, kwenu Maparoni, huko delta, watu huitana hivyo? Ukacheka. "Kwetu tunaitana kwa mayowe, bibi, mtu yuko ng'ambo ya maji. Nyie watu wa milimani mkiona maji ya kisigino mnashika vichwa." Utani wa kijinga, tena kabla sijanywa chai.

Bungu mpaka Kibiti ulinitesa ndani ya pikapu ile. Tulikuwa tunakwenda ghalani kwa yule tajiri aliyeingia kununua korosho serikali ilipofungua biashara, wewe ukipima magunia, mimi nikiwapikia wapagazi. Ng'onda wako, samaki wakavu wenye kunuka, uliwaweka chini ya kiti changu. Kioo cha upande wangu kilikuwa hakipandi, vumbi lote likawa langu. Kaseti moja tu, nawe unaimba kwa kumshinda mwimbaji mwenyewe. Nikisinzia unanigusa bega: "Bibi, umekufa?" Nikakwambia, siku nikifa utajua, hutasikia mtu wa kukukanya.

Masika ile ukaenda kumtazama mama yako mgonjwa. Mtumbwi ulioondoka nao ukaonekana umekwama kwenye mikoko, mtupu. Wengine wakasema umekufa maji. Wengine wakasema uko Dar, umepata mwanamke anauza mitumba. Mwili hakuna, habari hakuna. Mwanahawa wako akabaki hivyo hivyo, miaka, si mke, si mjane.

Na mimi je? Kila nikitoa salamu ya sala ya alfajiri, nasikia honi. Wajukuu hawaisikii. Najifunga kanga, nabeba sufuria, nafungua mlango. Barabara tupu. Harufu ya ng'onda ipo. Pikapu yenyewe tajiri aliiuza zamani. Dereva wa sasa anashuka, anapiga hodi, anasema shikamoo, anangoja aitikiwe. Kijana wa adabu. Namchukia bure.

Juzi Mwanahawa alikuja, akakaa mkekani, hakugusa hata maji.

"Bibi, shehe amesema muda umetosha, niingie eda, nikitoka niwe huru. Shemeji zangu wanasema yuko hai, nawatia aibu. Wewe ndiye uliyekaa naye kila siku. Niambie. Nikikaa eda ya mtu aliye hai, si nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu?"

Niliiona barabara ile. Shamte, hakuna siku tulifika Kibiti bila wewe kugeuza gari. Mara umesahau kofia, mara tumbaku, mara hujamuaga mtoto. Siku moja tulishaona mabati ya ghala, ukageuza kwa sababu Mwanahawa alikuwa na homa na hukumwuliza amekula nini. Nilikutukana mpaka mate yakanikauka, nawe unajibu tu, "Mara moja, bibi, mara moja."

Nikamwambia mkeo, "Mwanangu, yule angekuwa hai, angeshageuza."

Akalia mpaka akalala pale pale mkekani. Mimi nikamfunika.

Kesho baada ya alasiri namwogesha na kumvisha nguo za eda. Ameniomba mimi, na hakuna mwingine mtaa huu anayejua kuifanya kazi hiyo sawasawa. Nimeona nikwambie mwenyewe, kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima. Zimepinda, ila zinasomeka. Sitaki usikie kwa watu kwamba bibi alimtoa mke wako mikononi mwako bila kukupa taarifa.

Na kama nimekosea, kama uko mahali unapumua, njoo unitukane mbele ya shehe na ndugu zako wote. Nitanyamaza, kwa mara ya kwanza.

Maji ya kumwogeshea nitayachemsha kwa kuni mbichi, yachelewe kuchemka. Zaidi ya hapo siwezi kukusaidia.

Bibi yako wa kiti cha mbele