Maelezo ya Fundi Viatu

Mama,

Shikamoo. Goti linasemaje? Dada ameniambia umeanza kupanda ngazi bila mkongojo. Nimefurahi, ila usijitie ujana. Sisi huku wazima. Wajukuu zako siku hizi wananiita afande wa uongo.

Kazi inaendelea. Kama ujuavyo, wenye tamthilia waliniita kuwafundisha waigizaji kumfunga mtu pingu, mwigizaji wao wa mpelelezi akagombana nao, wakanivika koti lake. Nikaacha upolisi kwa barua ya mistari mitatu. Nasikia unawaita majirani kunitazama, na mke wa fundi viatu hakosi. Ndiyo sababu nakuandikia.

Wiki iliyopita tulirekodi kipande cha dobi anayekiri kosa. Mwandishi alikwama, akaniomba maelezo ya kweli ya mtuhumiwa. Nikamwandikia ninayoyakumbuka, nikabadilisha kazi na mtaa. Mwigizaji alipoyasema, mwongozaji alisimamisha kamera. Mwongozaji huyo ni mwanamke asiye na maneno mengi. Alisema, "Afande, dobi gani huyu anayeongea kama polisi? Nani atamwamini?"

Watu wa taa wakacheka. Nami nikacheka.

Hakimu aliamini, Mama. Maelezo yale ni ya fundi viatu. Duka lilivunjwa, mlinzi akaumizwa, wakubwa wakataka mtu kabla wiki haijaisha. Nilimnyima usingizi siku mbili. Nikaandika mwenyewe, nikamsomea, akaweka dole gumba kwa kuwa nilimwambia akimaliza ataenda nyumbani. Hakuna neno lake hata moja. Huu ni mwaka wa sita yuko gerezani. Uliponiuliza, nilikujibu kwamba alikiri mwenyewe. Ukamwambia mkewe hivyo hivyo, naye akaacha kuhangaikia rufaa, kwa sababu aliyesema ni wewe.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili, nikala kiapo na kueleza yote. Anasema yatosha kuifungua kesi upya. Nitashtakiwa, na kwenye tamthilia ndiyo basi tena. Hayo nimeyakubali. Kinachonishinda ni kukutazama usoni.

Nakuja Jumamosi. Tafadhali usimwambie mke wa fundi lolote, hilo ni langu. Nitapita mlangoni kwake kwanza. Ukisikia anapiga kelele, usitoke kunitetea.

Nisalimie dada na wanawe. Mke wa fundi usimpe salamu zangu.

Ni mimi mwanao,
wa pili