Roketi Juu ya Cherehani ya Baba

Biryogo, Kigali

Kaka yangu Hamisi,

Assalaam alaikum. Dagaa aliowaleta binamu yetu Rashidi wamefika salama, na chumba changu chote kinanukia Ujiji. Naomba Mungu barua hii iwakute mkiwa wazima. Presha ya Mama imeshuka? Na magoti yake, bado yanamsumbua anapoinuka kwenye mkeka? Mimi ni mzima. Nasema mzima, Kaka, na nataka neno hilo ulisome mara mbili.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Umesema Rashidi amekuta roketi ya kuchezea juu ya cherehani ya Baba, na kwamba mdogo wako aliugua mkono, sasa na kichwa kimefuata. Kwa hiyo wanaume wa ukoo mmekaa, mmekata shauri cherehani ipakiwe kwenye basi irudi kwako, na mimi niifuate. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Ya pili utaijua mwishoni.

Rashidi hakusema uongo, roketi ipo. Ila alikuwa na haraka ya basi, hakukaa kuuliza. Sasa nisikilize mimi.

Kiharusi kiliponipiga, mkono wa kulia ulibaki unaning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Hospitali walinipa mpira wa kuminya. Nikauminya, ukabaki mpira, nami nikabaki vilevile. Sindano sikuweza kuishika. Kila aliyepita mlangoni aliniambia "ihangane", ndivyo wanavyompa mtu pole hapa, yaani vumilia. Mteja anachukua kitambaa chake ampelekee fundi mwingine, ihangane. Jirani ananiletea chai, ihangane. Nilichoka hadi nikalipiga marufuku neno hilo dukani kwangu.

Siku moja akaja Claudine, mwalimu aliyekulia Uganda, mteja wangu wa miaka mingi. Aliniletea boksi alilotumiwa na ndugu yake wa ng'ambo, hakuwa na muda nalo. Ndani mlikuwa na roketi iliyokatwakatwa, kazi ni kuiunganisha.

"Mwanaidi, hii iko na vipande mingi," akasema. "Jaribu tu. Ukishindwa ntakibazo, hakuna shida, hakuna mtu atakuuliza."

Hilo la kushindwa liliniudhi. Alipotoka tu, nikalifungua boksi.

Mlikuwa na bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, ubao mwepesi uliochorwa mabawa, na vingazi vidogo vya kubandikwa ubavuni mwa roketi, ambavyo ukikohoa vinapotea. Na michoro, Kaka. Michoro ile ni pataroni tupu, namba hii inakutana na namba ile kama mkono wa gauni na kwapa lake. Sikuhitaji wa kunifundisha.

Ufundi huohuo ndio ulioniponza. Mabawa yalitakiwa kukatwa juu ya mstari. Mimi nikayakata nje ya mstari kwa mkono wa kushoto, nikaacha nafasi ya mshono pande zote, kama Baba alivyotufunza kwamba kitambaa kilichopungua hakirudi. Mzee Sibomana, fundi viatu wa mlango wa pili, akayatazama yale mabawa, kisha akanitazama mimi.

"Mwanaidi, hii mbao utakunja pindo yake namna gani?"

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Tangu niugue sikuwa nimecheka. Akanipa kipande cha msasa anachosugulia soli, nikaanza kuiondoa ile nafasi ya mshono kidogo kidogo, kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ndio ulioshika ubao. Nilisugua siku nyingi. Mpira wa hospitali haukuwa na mwisho, lakini msasa ulikuwa na mstari wa kufikia. Bawa la mwisho lilipokaa kwenye bomba bila kuyumba, vidole vyangu vilikuwa vimeanza kushika. Ndipo nikabandika vingazi, kimoja kimoja, kwa kibano cha nyusi.

Ikabaki parachuti. Ya kwenye boksi ilikuwa imegandana kwa kukaa. Nikachukua bitana iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, nikakaa kwenye cherehani ya Baba, nikatunga uzi mwenyewe. Nilitukana kidogo, Mungu anisamehe, lakini uzi uliingia na mshono ukaenda sawa. Nililia pale pale kwenye kiti, wala sioni haya kukuambia.

Kuirusha kwa moto sikuthubutu, mji huu hauna mchezo na vitu vinavyoruka. Sibomana alipanda ghorofa ya jirani akaiachia. Parachuti ikafunguka, roketi ikateremka taratibu juu ya uchochoro wetu, mafundi wakaacha pedali kuitazama. Niliidaka kwa mkono wa kulia. Kesho yake Claudine akaniletea kitambaa cha sketi.

Kwa hiyo cherehani hairudi, na mimi sirudi. Baba aliponikabidhi hakusema niitumie mpaka nitakapougua. Wewe ulikuwepo, umeegemea mlango, ukasema kazi ya kukaa kitako haikufai. Ukiitaka leo, njoo mwenyewe. Utaanza kwa kuiondoa roketi kwa mikono yako, na ukivunja kingazi utakibandika.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe anashona. Wifi Zuhura mwambie gauni lake la Idi ni kazi yangu, anitumie vipimo vya sasa, si vya alipoolewa. Na shangazi Mwajuma, aliyenifundisha kutarizi, mbusu mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Sababu ya pili ya kalamu ni huu mwandiko. Herufi zinapanda na kushuka, najua, lakini zimeandikwa na ule mkono mliokwisha kuuzika.

Nimemsomea Sibomana barua hii kabla ya kuifunga. Akasema, "Ile neno ulikataza hapa dukani, leo nipe ruhusa. Mwandikie kaka yako."

Nimempa ruhusa. Ihangane, Kaka.

Mdogo wako,
Mwanaidi, fundi