Wimbo wa Horini

Reykjavik, 9 Januari 2025

Hooyo mpendwa,

Assalamu aleykum warahmatullahi. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Jua linatoka saa tano na saa kumi limeshaondoka. Nakuuliza hali wewe na mgongo wako, Adeer Gelle, Kerrow mchungaji wetu, na mifugo yote. Adey je, ngamia wangu, anakunywa vizuri?

Masomo ya kuchimba maji yanaendelea. Kuna jambo linanishangaza katika nchi hii ya Aisilandi. Watu wake hawafiki laki nne, lakini wanamuziki wao wanajulikana dunia nzima. Muuza mkate ana bendi. Fundi wa bomba anaimba kwaya. Najiuliza siri yao ni nini, na nimeahidi kuandika kitu juu yake, nikilinganisha na nyimbo zetu za kunywesha ngamia. Tafadhali niimbie ule wimbo wa marehemu baba, wa horini, urekodi kwa simu unitumie. Uimbe wote, toka mwanzo mpaka mwisho.

Mwanao,
Hanad


Hulugho, 21 Januari 2025

Mwanangu Hanad,

Wa aleykum salaam. Sisi wazima. Mgongo unauma siku unapotaka. Mvua ilikuwa kidogo na maji ya silanga yanapungua. Adey ni yule yule. Tangu uondoke, karibu miaka miwili sasa, haji kunywa horini mpaka Kerrow amvute kamba. Namwimbia, Kerrow naye anamwimbia, anatutazama tu. Umemharibu wewe. Ulimlea kwa chupa mama yake alipokufa, sasa anadhani maji si maji mpaka wewe uyaimbie.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwenye simu. Unajua kuandika nilijifunza ukubwani, gumbaru, tena kwa Kiswahili, Kisomali nakisema tu. Kwa hiyo nasoma polepole, na asomaye polepole huona mengi. Laki nne? Kaunti ya Garissa peke yake inawazidi mara mbili. Ngamia wetu wanawazidi. Sasa watu wachache hivyo wamejua kuimba, na wewe uliyetumwa kutafuta maji ndiye wa kutafuta sababu? Umemwahidi nani? Na kwa nini wimbo wote, mpaka mwisho? Mgeni akiuliza sana habari za kisima, hakuja kunywa tu.

Sauti yangu haipandi ndege. Ukitaka wimbo, njoo uusikie hapa.

Hooyo


Reykjavik, 2 Februari 2025

Hooyo mpendwa,

Assalamu aleykum. Nimefurahi kusikia mko salama. Adey nisalimie, mwambie aache kiburi.

Usinikasirikie. Aliyeniuliza ni rafiki wa darasani tu. Mimi mwenyewe nimeulizauliza watu. Wananiambia karibu kila mji una shule ya muziki, na mtoto anakabidhiwa filimbi au gitaa mapema, kama sisi tulivyokabidhiwa ubao wa madrasa. Tena giza la huku ni refu, watu wako ndani, watafanya nini? Wengine wanasema ni nyimbo za wachunga kondoo na wavuvi wa zamani, hazikukatika. Sijui. Naona kila jibu ni kweli na bado halitoshi.

Wimbo wa baba nitauandika mwenyewe ninavyoukumbuka. Usijisumbue.

Mwanao,
Hanad


Hulugho, 10 Februari 2025

Mwanangu Hanad,

Wa aleykum salaam. Tunaendelea, tunamshukuru Mungu.

Huyo rafiki wa darasani hana jina? Watu wote uliowataja kwangu tangu ufike huko wana majina, hata mzee wa duka la samaki. Huyu peke yake hana.

Ifrah, binti wa dada yangu, alikuja kutoka Garissa juzi. Alisema amekuona kwenye picha, umeshika kitu cha mbao chenye nyuzi. Nikasema labda ni chombo cha kupimia maji. Ifrah akacheka, halafu akageuza mazungumzo haraka mno. Sikumuuliza zaidi. Mtu wa kuulizwa ni wewe.

Hanad, Adeer wako Gelle alisimama mbele ya wazee msikitini akasema mwezi wa tano mtoto wa ndugu yake atarudi na elimu ya kisima, tusihame tena silanga ikikauka. Kila Ijumaa wanamuuliza. Mimi siogopi wimbo. Baba yako aliimba, na nilimkubali kwa sababu hiyo, ingawa sikuwahi kumwambia. Ninachoogopa ni kudanganywa na mtu niliyemnyonyesha. Mficha uchi hazai. Niambie neno moja: bado unaingia darasani?

Hooyo


Reykjavik, 6 Aprili 2025

Hooyo mpendwa,

Assalamu aleykum, na Idd njema ingawa imepita. Natumaini mlifunga salama. Nisamehe kwa kimya. Kulikuwa na Ramadhani, halafu mitihani, halafu simu ikaharibika.

Nimekutumia sauti pamoja na barua hii. Kuna mwimbaji mmoja hapa, watu wanampenda sana. Nilimfundisha wimbo wetu akaupiga na gitaa. Simjui vizuri. Sikiliza tu, uniambie kama ameukosea mahali.

Mwanao,
Hanad


Hulugho, 19 Aprili 2025

Hanad,

Wa aleykum salaam. Idd ilikuwa njema, ila nilikuwa na simu mkononi siku nzima.

Sababu zako za kimya nimezihesabu, ni tatu. Mwenye sababu moja ya kweli hahitaji nyingine mbili za kuisindikiza. Na mtu usiyemjua vizuri ulimfundishaje wimbo wa baba yako?

Sasa sikia kilichotokea. Niliifungua ile sauti adhuhuri nikiwa horini. Nyuzi nyingi, ngoma nyingi, sauti ya mtu imezama humo, sikuitambua. Nilikasirika, nikasema wimbo wetu umeibwa na mgeni. Kerrow akasema iongeze nguvu tusikie maneno. Nikaiongeza. Ngamia waliokuwa wakingoja zamu wakaanza kuja, hilo si ajabu, maneno wanayajua. Lakini Adey alikuwa amelala mbali, chini ya mgunga. Akainua shingo. Akasimama. Akaja bila kamba, akawapita wenzake wote, na pua yake hakuiingiza majini. Aliiweka kwenye mkono wangu wenye simu.

Kerrow alisema wallahi.

Ungekuwa wimbo tu unaomwita, angeitikia wangu miaka hii yote. Yule anaitikia koo moja. Huyo mwimbaji usiyemjua vizuri, Hanad, mimi nilimzaa.

Halafu wimbo ukakatika. Ule mstari wa mwisho, wa kuwaruhusu waende malishoni salama, haumo. Unajua kwetu ngamia hawaondoki horini bila huo. Walisimama juani wameshiba maji, wananitazama. Ikabidi niuimbe mimi. Wakaondoka wote. Adey akabaki. Alisimama pale mpaka alasiri, akingoja aruhusiwe na mwenyewe. Nikakaa naye. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Uliniuliza siri ya ile nchi ndogo. Mimi nadhani ni kwamba huko mtu akifungua mdomo, wa nyumba ya tatu anasema, huyo ni mtoto wa fulani. Anaimba anajulikana. Basi hapa Hulugho ni padogo zaidi ya huko, na wewe umekwenda kujifanya mgeni kwa mama yako.

Gelle sijamwambia. Hilo ni lako. Mimi niambie jambo moja tu: mstari wa mwisho uliusahau, au ulikataa kuuimba?

Hooyo


Garissa, 27 Mei 2025

Hooyo,

Assalamu aleykum. Nilifika jana, nimelala kwa Ifrah. Cheti sina. Darasa niliacha mwezi wa kumi mwaka jana, na Adeer Gelle nitamwambia mwenyewe mbele ya wale wazee, hata kama atanifukuza.

Mstari ule sikuusahau. Kila nilipoufikia, sauti ilinikataa. Watu walipiga makofi wimbo ukiwa bado haujaisha, na mimi sikuwa na wa kumruhusu aende.

Gari la Hulugho linaondoka kesho alfajiri. Ngamia wakija kunywa, Adey msimvute kamba.

Mwanao,
Hanad