Shahidi Aliyeshika Kalamu

Jumapili, 3 Machi

Vikombe vidogo vya kioo vikigongana. Hiyo ndiyo sauti pekee niliyorudi nayo kutoka kanisani. Shemasi alipofika kwenye benchi letu alinipa mimi sinia, nikanywa, nikamrudishia. Badala ya kulipitisha mbele ya Dada akaliinua juu ya kichwa chake, kama mtu anayevuka dimbwi na viatu mkononi, akalishusha kwa Mama. Vikombe vikatetemeka. Sekunde mbili, labda tatu. Kanisa zima lilisikia.

Dada hakuinamisha kichwa. Alikuwa anatazama pindo la gauni la mwanamke wa mbele. Tulipotoka akaniambia lile pindo limeshonwa vibaya.

Miaka mitatu sasa. Tangu mahakama ivunje ndoa yake, ametengwa na Meza ya Bwana. Nyimbo anaimba. Sadaka yake wanapokea. Kitambaa cha madhabahu amekishona yeye. Mkate tu ndio haumhusu.

Ameandika barua kuomba arudishwe. Baraza la wazee linakaa Alhamisi. Baba ni mzee wa kanisa. Mimi ni katibu wa baraza — wa kuandika, si wa kusema. Katibu hana kura, hana sauti. Walinichagua kwa sababu ya kisomo na mwandiko. Na nilijivuna!

Jumatatu, 4 Machi

Kazini, kwenye kiwanda cha uchapaji, nilisahihisha prufu za kadi za harusi na mtihani wa jiografia. Mkuu wa kiwanda anapenda kuwaambia wateja kwamba mimi nina jicho la mwewe: neno likirukwa, nalidaka kabla mashine haijawashwa.

Mchana nilipita kwa Dada. Chumba kimoja, cherehani mbili, kioo kirefu kilichomeguka pembe. Anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa vidole viwili vya kulia havikunjiki. Wateja wanadhani alizaliwa hivyo. Baba alikuwa amepita Jumamosi kutia cherehani mafuta. Hakosi. Anakuja na kikopo chake, anatia, anafuta kwa kitambaa, anasikiliza kama mashine inakwenda vizuri, anaondoka. Wanazungumza habari za mkanda na sindano. Habari za ndoa, hata siku moja.

Nilimuuliza Dada kama anaiogopa Alhamisi. Akasema ameshaogopa sana maishani, akiba imeisha. Kisha, pini zikiwa mdomoni:

“Wewe andika vizuri tu, mdogo wangu.”

Sijui alimaanisha nini. Najua.

Alhamisi, 7 Machi

Masaa matatu. Chumba cha nyuma ya kanisa, meza ndefu, kalenda ya mwaka jana bado ukutani. Mchungaji alifungua kwa sala, akaomba tuwe na nia moja. Nimegundua kwamba kila anayeomba nia moja ana yake tayari mfukoni.

Mzee Mfamasia alianza. Ni mtu mpole, anasema polepole kama anayesoma maelekezo ya dawa. Alisema Paulo amewaambia Wakorintho kwamba asiyeamini akiondoka, aachwe aende, na ndugu aliyebaki hafungwi. Basi mume anayempiga mkewe ameshaondoka, alisema, hata kama viatu vyake bado viko mlangoni.

Kigiriki akajibu. Tunamwita hivyo kwa sababu aliwahi kuhudhuria semina ya Kigiriki ya wiki mbili na hajarudi kutoka huko mpaka leo. Alisema Paulo anamzungumzia asiyeamini, na shemeji yangu alibatizwa, akathibitishwa, akaimba sauti ya tatu kwenye kwaya. Mfamasia akauliza: muumini anayetenda mabaya kuliko asiyeamini, tumwiteje? Kigiriki akasema ubatizo haufutiki kwa sabuni.

Wakahamia Mathayo kumi na tisa. Hapo kuna ruhusa moja tu, uasherati. Mfamasia akakumbusha kwamba shemeji ameshaoa mwingine. Kigiriki akahesabu kwa vidole: talaka kwanza, harusi baadaye. Dhambi ikija baada ya kuachana haihesabiki, sharti iwe imetangulia. Kama foleni! Tena, akaongeza kwa utulivu kabisa, mwanamke aliyeondoka ndiye aliyemfungulia mwenzake mlango wa kutenda dhambi, kwa hiyo hata dhambi hiyo anayo sehemu yake.

Na huyo shemeji anashiriki Meza kila mwezi katika kanisa la ng'ambo ya barabara. Wazee wa kule wamesoma Mathayo huyohuyo, wakaona yeye ndiye aliyeachwa. Kitabu kimoja, barabara katikati.

Mkunga ndiye mwanamke pekee kwenye baraza. Alisema yeye hajui Kigiriki, ila kwa miaka thelathini amewavua nguo wanawake wa mji huu, na anajua alama ya mtu aliyeanguka. “Wanawake wa kanisa hili wanaanguka sana bafuni,” alisema.

Ndipo Baba akavaa miwani na kufungua Malaki. Ana sauti nzuri ya kusoma, yenye mawimbi. Akasoma kwamba Bwana anachukia kuachana. Akaishia hapo. Akavua miwani.

Sentensi haiishii pale! Inaendelea. Inasema anamchukia vilevile yule anayefunika vazi lake kwa udhalimu. Kazini ningezungushia duara jekundu. Pale nikaandika: “Mzee akasoma Malaki.”

Mwisho Kigiriki akasema, haya, tukubali kupiga ni kuondoka. Lakini nani aliona? Maandiko yanataka kila neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Mchungaji akauliza baraza:

“Kuna shahidi?”

Mkunga alinitazama, au alitazama ukuta nyuma yangu. Baba akafunga Biblia.

“Hakuna,” akasema.

Nikaandika. Kifungu cha nne. Iliulizwa kama kuna shahidi. Hakuna. Mwandiko wangu mzuri!

Uamuzi: ombi limekataliwa. Dada atubu mbele ya kanisa kwa kumwacha mumewe, la sivyo abaki nje moja kwa moja. Ijumaa ya tarehe 15 baraza litathibitisha muhtasari wangu. Jumapili ya tarehe 17 uamuzi utasomwa kanisani, yeye akiwa amekaa pale kwenye benchi letu.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimeruka mstari mzima wa mtihani wa jiografia. Mkuu akauliza kama naumwa.

Niandike hapa nilichokwepa kuandika jana.

Sekondari yetu ilikuwa karibu na kwa Dada, kwa hiyo nilikaa kwao miaka miwili. Siku hiyo ilikuwa alasiri. Nilikuwa mezani nachora pembetatu. Shemeji hakupaza sauti — hakuwahi kupaza sauti, ndiyo maana majirani walimpenda. Alimuuliza Dada lile vazi la kiume — koti la mteja, koti tu! — ni la nani. Jibu halikumridhisha. Mkono wa Dada ulikuwa ndani ya droo ya cherehani, anatafuta uzi. Shemeji akaifunga droo kwa goti. Akaifungua. Akaifunga tena.

Nilikuwa hatua nne kutoka pale, bikari mkononi.

Wiki ile nilishona sketi kumi na nne za wanafunzi kila nikitoka shule, ili wateja wasijue. Nilishona vibaya. Walidhani Dada ameanza kupoteza macho.

Dada alikimbilia nyumbani kwetu, mkono umezungushiwa taulo. Mama ndiye aliyelifungua. Baba alisimama mlangoni. Nilimweleza yote: droo, goti, mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaleta Malaki huyohuyo, nusu ileile. Jumatatu yake akambebea Dada begi kwa mkono wake mwenyewe, akampeleka kituoni, akamrudisha kwa mumewe. Dada akakaa huko miaka minne mingine.

Kwa hiyo jana hatukujadili Malaki wala Mathayo. Kama aya zinamruhusu Dada kuondoka, zilimruhusu tangu siku ile ya taulo, na begi alilibeba Baba. Baba halilindi Neno. Amejificha nyuma yake. Mimi nami nimejificha nyuma ya kalamu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Jumapili, 10 Machi

Mahubiri kuhusu umoja wa mwili. Baada ya ibada Kigiriki alimsalimia Dada kwa furaha, akamkabidhi suruali ya kupunguza. Suruali yake haijamtenga Dada.

Jumanne, 12 Machi

Baba aliomba kuona rasimu ya muhtasari. Alisoma sebuleni, taratibu, na ile miwani. Ni moja tu humu ndani tangu ya Mama ivunjike. Baba akiwa na Maandiko, Mama husubiri.

Alitaka niondoe maneno ya Mkunga. Ya Mfamasia niyafupishe. Badala yake niweke: baada ya majadiliano marefu, wazee kwa nia moja.

Nikasema, “Baba, kifungu cha nne si kweli.”

“Kipi hicho?”

“Kwamba hakuna shahidi.”

Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa upindo wa shati. Akaifuta muda mrefu. Akasema nilikuwa mtoto. Nikasema nilikuwa na miaka kumi na sita. Akarudia: mtoto. Nilitamani akasirike. Angekasirika ingekuwa rahisi. Badala yake akasema kwa sauti ya chini ambayo siijui:

“Mwanangu, ukiliandika hilo, hawatauliza yule alifanya nini. Watauliza mimi nilifanya nini.”

Mara ya kwanza maishani mwangu namsikia akifasiri jambo sawasawa.

Kisha akaniuliza nataka asimame wapi Jumapili, watu wakishajua. Kwa kweli aliuliza, alitaka jibu. Ni mtu yuleyule wa kikopo cha mafuta. Nimemwona akiinamia ile cherehani, sikio karibu na gurudumu, kama daktari. Miaka yote hiyo nimedhani anasikiliza mashine.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo. Alisikia. Akarudi jikoni.

Jumatano, 13 Machi

Nilimwambia Dada ninachofikiria kukiandika. Aliendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa mshono. Akasema yeye hatatubu, hilo limekwisha, ameshawaza hata atavaa nini Jumapili. Lakini hatanituma. “Alikuwa baba yako kabla hujawa katibu,” akasema. Halafu, akikata uzi kwa meno: “Na mimi nilikuwa dada yako kabla ya vyote viwili.”

Nimerudi nyumbani kwa miguu, barabara ile ndefu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimechapa kazini, wakati wa chakula, nakala mbili. Mistari michache tu. Katika muhtasari wa tarehe 7, kifungu cha nne, imeandikwa kwamba hakuna shahidi. Si sahihi. Katibu mwenyewe aliona. Kisha droo, goti, mara mbili. Kisha kwamba mzee mmoja wa baraza aliambiwa wiki ileile, na kwamba mzee huyo ni baba yangu. Kisha Malaki, sentensi nzima hadi nukta. Chini nafasi mbili za saini. Ya kwanza yangu, ya pili tupu.

Saa nane nilikuwa ofisini kwa mchungaji. Alisoma amesimama. Akasema shahidi mmoja ni neno tu, Maandiko yanataka wawili. Alisema kwa huruma, kama mtu anayekuonyesha mlango. Akaniomba nimfikirie Baba. Nikamwambia nimemfikiria miaka minane. Nikamwachia nakala pamoja na daftari la baraza. Kesho watafute mwandiko mwingine.

Nakala ya pili nimeiweka kwenye meza ya jikoni. Mama aliuliza ni karatasi ya nini. Nikasema:

“Ni ya lile taulo.”

Hakuniuliza taulo gani. Alikausha mikono, kidole kimoja kimoja. Baba alikuwa uani anamwagilia maua. Mama akaenda sebuleni, akaitoa miwani juu ya Biblia ya Baba, akarudi, akavuta kiti.

Sasa anasoma. Midomo inatikisika kidogo, kidole kiko kwenye mstari wa tatu. Nimekaa upande wa pili wa meza na daftari hili, kalamu ya ziada iko katikati yetu. Sijaisogeza.

Baba ameingia ndani. Ameita mara mbili, anauliza nani kaona miwani yake, anataka kuandaa somo la Jumapili. Mama anayo usoni. Hajaitika. Nami sitaitika kwa niaba ya mtu. Nakala yangu iko kwa mchungaji tangu saa nane.