Njia Niliyoandika Kwamba Haipitiki

Mweso, 3 Desemba 2011

Dada Kavuo,

Nakusalimia wewe na watoto huko Butembo. Huku mvua hainyamazi, maharagwe yanaozea shambani. Mimi niko muzima.

Umeniandikia kwamba Papa anawaonyesha wageni picha yangu nikiwa nimevaa jile, kile kizibao cha kazi ya uchaguzi. Umwambie aiondoe.

Mwezi wa tisa wakubwa wa tume ya uchaguzi walinituma kijiji kimoja nyuma ya Kashuga, nikaone kama watu wanaweza kupigia kura kwenye shule yao. Hapa Mweso mwenye pikipiki mmoja akaniambia, "Watu wa bunduki wako kule." Niliogopa. Nilikaa siku mbili nikinywa chai, kisha nikaandika kwenye ripoti kwamba nimeijaribu njia, na haipitiki. Wakubwa wakaniamini. Kituo chao cha kura kikahamishiwa Mweso.

Siku ya kura, tulipokwisha kufunga, akafika Mama Godelieve, mjane wa kijiji kile. Alitoka alfajiri, akitembea na fimbo, kadi yake ameifunga kwenye plastiki.

"Njia iko mubaya, Mama?" nikamuuliza.

"Iko na matope tu, mutoto wangu. Sikuona hata muntu wa bunduki. Nani njo aliwadanganya?"

Nikasema sijui. Akanishukuru kwa kiti nilichompa, akapumzika, akarudi.

Kesho nitaipita njia ile kwa miguu, nikamwambie ni mimi. Kura yake haitarudi, najua.

Mudogo wako mwenye haya,
Mumbere